Biashara ya Mama, Simu ya Nani?

Ukifika ufukoni mwa Ziwa Viktoria asubuhi mapema, zile siku za giza ambapo mwezi hauonekani, utaiona mitumbwi ikirudi na dagaa. Wanaume wanashusha, wanawake wanapokea kwa ndoo na mabeseni. Kufika saa tatu mchanga wote umekuwa mweupe kwa dagaa walioanikwa. Hapo utawaona wachuuzi wawili wamesimama karibu karibu, mmoja bwana, mmoja bibi. Wote wawili wamenunua dagaa wa mtumbwi mmoja, kwa bei moja. Wote wawili waliamka kabla ya jogoo. Lakini rudi baada ya mwaka mmoja uwaulize habari: bwana yule amenunua pikipiki, na bibi yule yungali na mabeseni yake mawili.

Je, sababu ni nini?

Nimesikia majibu mengi. Wengine husema wanawake hawana kichwa cha biashara. Wengine husema ati mama ni mwepesi mno wa kukopesha, kila jirani amwandika katika daftari. Na siku hizi limezuka jibu la vijana: Mama anunue simu kubwa, aweke bando, aingie katika mtandao, basi, atafanikiwa. Hili la mwisho ndilo nataka tulitazame leo. Lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote, na mtu akilimeza zima zima aweza kutupa pesa za simu asipate kitu.

PENGO LENYEWE

Kwanza tukubaliane kwamba pengo lipo, si maneno ya barazani tu. Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilitoa kitabu juu ya biashara za wanawake wa Afrika. Walipima katika nchi 10, wakaona ya kuwa biashara ya mwanamke, kwa wastani, hupata faida pungufu kwa 34 kwa mia kuliko ya mwanamume. Yaani bwana akibakiza Sh. 10,000/=, bibi abakiza kama Sh. 6,600/=. Na jambo la ajabu ni hili: katika dunia nzima hakuna bara ambalo wanawake huanzisha biashara kwa wingi kama Afrika. Kwa hiyo si uvivu, wala si woga wa kuanza. Wanaanza kwa wingi. Faida ndiyo haiji.

Wataalamu huliita jambo hili tija, maana yake ni kile mtu apatacho kwa kila saa aliyofanya kazi na kila shilingi aliyoiweka. Bibi wetu wa dagaa afanya kazi saa nyingi, lakini kila saa yamletea kidogo. Sababu moja yaonekana kwa macho: mtaji wake ni mdogo. Nyingine ni muda. Bwana akimaliza kuanika dagaa hukaa kivulini au huenda kutafuta wanunuzi. Bibi akimaliza kuanika huenda kuchota maji, kupika, na kumtazama mtoto mwenye homa. Mvua ikinyesha ghafula saa nane na dagaa wakaloa, wa bwana yupo mtu wa kuwaanua. Wa bibi wataloa, na dagaa aliyeloa huishia kuwa chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku.

Sababu ya tatu ni aina ya kazi. Huko Kampala kuna mtaa uitwao Katwe, mtaa mashuhuri wa mafundi: wachomeleaji wa vyuma, maseremala, mafundi wa magari. Wachunguzi wa Benki ya Dunia waliwatazama wanawake wa hapo, na mwaka 2013 wakaandika waliyoyaona. Wanawake waliothubutu kuingia katika kazi hizi ziitwazo za kiume walipata sawa na wanaume, na mara tatu ya wenzao waliobaki katika kazi ziitwazo za kike, kama kupika na kusuka nywele. Wale waliobaki, wengi wao hawakujua kabisa kwamba jirani yao mwenye kuchomelea vyuma anawapita hivyo; walidhani wanalingana naye. Na wale waliovuka, aghalabu walivushwa na mtu fulani: baba, mume au rafiki aliyewashika mkono na kuwaonyesha kazi. Tulikumbuke jambo hilo, maana simu yaweza kumwonyesha mtu habari, lakini kumshika mkono haiwezi.

Kuna na sababu ya nne, nayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nitaifikia.

SAMAKI WA KERALA

Wale wasemao kwamba simu huleta faida wanayo hadithi ya kweli ya kutuambia. Huko kusini mwa Bara Hindi, katika jimbo la Kerala, wavuvi huvua samaki wadogo wa bahari. Tarehe 14 Januari 1997, katika pwani ya Badagara, wavuvi 11 walikuwa wakitaka kuwatupa samaki wao kwa kukosa mnunuzi. Asubuhi hiyo hiyo, katika masoko mengine yasiyozidi kilometa 15 kutoka hapo, wanunuzi 27 walikuwa wanarudi nyumbani vikapu vitupu. Hakuna aliyejua habari za mwenzake.

Kisha minara ya simu ikasimamishwa pwani ile, sehemu baada ya sehemu, kuanzia mwaka 1997 hata 2001. Wavuvi wakanunua simu, wakawa wanauliza bei wakiwa bado majini. Mwalimu mmoja wa uchumi, Robert Jensen, alipima kila kitu, akachapisha matokeo mwaka 2007. Faida ya wavuvi ilipanda 8 kwa mia, bei kwa mlaji ilishuka 4 kwa mia, na ule uharibifu wa kutupa samaki ukaisha. Muuzaji kafaidi, mlaji kafaidi. Ni nadra kuona jambo la namna hiyo.

Wala hatuna haja ya kwenda Bara Hindi. Leo mchuuzi wa ziwani kwetu apata habari za soko la Kirumba, Mwanza, kabla hajafunga gunia lake. Ajua kama magari ya kwenda Kongo yamekwisha kufika au bado. Kwa simu ndogo, ile tuiitayo kitochi, hupiga na kuuliza. Kwa simu kubwa yenye intaneti aona zaidi: picha ya dagaa wa mwenzake, bei iliyoandikwa katika kundi la WhatsApp, na sauti ya mnunuzi akisema, nahitaji magunia kumi ifikapo Alhamisi. Kwa mama jambo hili lina uzito wake wa pekee, kwa kuwa hana nafasi ya kuzunguka. Ataisoma habari huku sufuria iko motoni na mtoto yuko mgongoni.

Lakini mkumbuke: wale wavuvi wa Kerala walikuwa wanaume wenye mashua na wenye simu zao wenyewe mikononi. Kwetu je, simu iko mkononi mwa nani? Umoja wa makampuni ya simu duniani, uitwao GSMA, hutoa hesabu kila mwaka. Katika ile ya mwaka 2024 walisema kwamba katika Afrika kusini ya Sahara nafasi ya mwanamke kutumia intaneti katika simu ilikuwa pungufu kwa 32 kwa mia kuliko ya mwanamume. Maana yake, chukua wanaume na wanawake kwa idadi iliyo sawa. Pale wanaume 100 watumiapo, wanawake ni 68. Sababu kubwa walizozitaja ni bei ya simu yenyewe, na kutojua kusoma au kutojua namna ya kuitumia. Nami naongeza moja nionayo kijijini: nyumba yenye simu kubwa moja, simu hiyo huwa ya baba. Hutoka naye asubuhi, hurudi naye usiku. Mteja wa maandazi akipiga saa nne, aipokeaye ni baba aliye katika kijiwe cha bodaboda, naye maandazi hajui ni mangapi yamebaki.

HESABU NDOGO

Sasa tufanye hesabu, maana bila hesabu tutadanganyana. Hii ni hesabu ya mfano tu, kila mtu aweza kuweka namba zake.

Bibi ana mtaji wa Sh. 100,000/=. Kila mwezi alikuwa akienda mjini mara tatu kuuliza bei na kutafuta wanunuzi. Nauli kwenda na kurudi Sh. 6,000/=, chakula cha njiani Sh. 2,000/=. Jumla Sh. 24,000/=, pamoja na siku tatu ambazo hakuuza kitu. Akipata simu yenye intaneti, bando la Sh. 1,000/= kwa juma latosha kuuliza na kutuma picha; kwa mwezi Sh. 4,000/=. Ameokoa Sh. 20,000/= na siku tatu nzima. Kwa mtaji wa Sh. 100,000/= hilo si jambo dogo. Katika hesabu hii intaneti yamwinua mama kweli kweli.

Lakini endelea. Jumatano habari yafika katika kundi: bei Mwanza imepanda 10 kwa mia. Bibi na bwana wote wawili waisoma dakika ile ile. Bibi ana mzigo wa Sh. 100,000/=; aupeleka, aongeza Sh. 10,000/=. Bwana ana mzigo wa Sh. 1,000,000/=; aupeleka, aongeza Sh. 100,000/=. Habari ni moja na simu zafanana. Kabla ya habari ile walikuwa wamepishana, na baada ya habari wamepishana zaidi.

Ndiyo maana nasema jibu la vijana si kamili. Simu yenye intaneti ni kama jembe zuri. Jembe zuri lamfaa kila mkulima, lakini aliye na ekari kumi litamlimia zaidi kuliko aliye na robo ekari. Mama akipewa jembe hilo huku ekari yake yazidi kupungua kila mwezi, hatafika mbali. Na ekari ya mama, yaani mtaji wake, hupungua namna gani? Hapo ndipo penye sababu ya nne.

YALIYONIPATA MIMI

Mama watoto wangu ni fundi wa cherehani. Ashona vizuri, hilo hata majirani watashuhudia. Alinunua simu kubwa kwa pesa zake, akaingia katika kundi la WhatsApp la mafundi na wauza vitambaa. Mambo yakaanza kwenda. Desemba ya mwaka juzi walimu na wazazi walimtumia vipimo vya watoto kwa simu, jozi 14 za sare za shule, zitakiwazo mwanzoni mwa Januari. Wakatuma na kianzio, jumla Sh. 140,000/=, katika simu yake.

Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina langu, kwa kuwa wakati ule yeye alikuwa hajapata kitambulisho cha taifa. Namba ya siri nilikuwa naijua. Binamu yangu alikuwa na harusi, nami nilikuwa nimeandikwa katika karatasi ya michango na sijatoa hata senti. Kamati walikuwa wakinipigia kila jioni. Basi usiku mmoja nikachukua simu ile mezani, nikatoa Sh. 90,000/=, nikatuma mchango. Nilijiambia, mwisho wa mwezi nitarudisha. Sikuiona kuwa ni wizi. Niliona ni pesa za nyumbani.

Siku mbili baadaye muuza vitambaa wa Mwanza akaweka picha katika kundi: majora ya mwisho ya kitambaa cha bluu, bei imepunguzwa, mwenye kulipa kwanza atatumiwa kwa basi la jioni. Mama watoto akafungua simu alipe. Zikaonekana Sh. 50,000/= tu. Aliniita kutoka uani, “Baba watoto, njoo uone, simu hii imeibiwa.” Nikaja. Ilinibidi kusema ukweli.

Mpaka tumekopa huku na huku, vile vitambaa vilikuwa vimekwisha. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Wazazi wakamwomba awarudishie kianzio, wakampelekea kazi fundi mwingine wa njia ya sokoni, bwana mmoja hodari ambaye pesa zake alikuwa nazo mkononi. Yeye akashona jozi zote 14.

Ningependa mjiulize swali hili. Kama mtu wa kupima tija angepita kijijini petu Januari ile na daftari lake, angeandika nini? Angeandika: fundi mwanamume, jozi 14, fundi mwanamke, hakuna. Wote wana cherehani, wote wana simu, wote wamo katika mtandao. Angekwenda kusema kwamba wanawake hawana tija. Wala asingeniuliza mimi chochote.

HABARI ZA SRI LANKA NA KAMPALA

Baada ya mambo hayo nilisoma habari ambayo ilinigusa sana. Kuanzia mwaka 2005 wataalamu watatu waliwapa wenye biashara ndogo ndogo katika kisiwa cha Sri Lanka msaada wa bure, Rupia 10,000 au 20,000, wengine fedha na wengine vifaa vya kazi. Biashara za wanaume zikakua. Za wanawake, kwa wastani, faida haikuongezeka. Watu wakatoa hukumu haraka: mnaona, mwanamke hata ukimpa mtaji hafanyi kitu.

Miaka mingi baadaye wataalamu wengine wakarudia hesabu zile kwa makini, pamoja na za India na Ghana, wakatoa matokeo mwaka 2019. Safari hii waliuliza swali ambalo lilikuwa halijaulizwa: je, katika nyumba ya mama huyu kuna biashara nyingine? Ikaonekana kwamba pale ambapo mume naye alikuwa na biashara, pesa za mama zilikuwa zikienda katika biashara ya mume. Na pale ambapo biashara ya mama ilikuwa peke yake nyumbani, faida yake ilikuwa sawa na ya wanaume. Kumbe wanawake wale hawakushindwa na biashara. Pesa zilikuwa zimekwisha kuhama.

Je, simu yaweza kuzizuia zisihame? Mtaalamu mmoja mwanamke, Emma Riley, alilijaribu jambo hili nchini Uganda, pamoja na wanawake 3,000 hivi waliokuwa wakikopa kwa shirika la BRAC. Aliwagawa makundi matatu kwa kura. Kundi la kwanza walipewa mkopo mkononi, noti, kama siku zote. Kundi la pili walipewa noti vile vile, ila wakafunguliwa na akaunti ya simu kwa ajili ya biashara. Kundi la tatu mkopo wao wenyewe uliingizwa katika akaunti hiyo. Hawakuzuiwa kuutoa, mtu aliweza kwenda kwa wakala siku ile ile.

Baada ya miezi minane, kundi la tatu walikuwa na faida zaidi kwa 15 kwa mia kuliko wale wa noti, na mali ya biashara zaidi kwa 11 kwa mia. Wale wa kundi la pili, waliopewa akaunti tupu, hawakupata nafuu kama hiyo. Na waliofaidika kuliko wote ni wale ambao tangu mwanzo walikuwa wakisumbuliwa nyumbani watoe pesa.

Angalieni vizuri. Walikuwa wanawake wa namna ile ile na mikopo ile ile. Tofauti ilikuwa pesa hizo zililala wapi usiku wa kwanza. Noti zikiingia mlangoni kila mtu huziona: mume, shemeji, mtoto adaiwaye mchango shuleni. Pesa zilizo katika simu hazitoi harufu. Mama apata siku mbili tatu za kufikiri na kununua mzigo, na zikiwa mzigo hazichukuliki kwa urahisi.

Huenda msomaji akasema, huo si mtandao wa intaneti, hizo ni pesa za simu tu, hata kitochi chatosha. Ni kweli, nami nafurahi kuwa ni kweli, maana kitochi wengi wanacho. Pesa za simu zilianza Kenya mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, na kwetu Tanzania zikafuata mwaka 2008. Wataalamu wawili, Tavneet Suri na William Jack, walioifuata habari hiyo Kenya kwa miaka, waliandika mwaka 2016 kwamba wanawake wapatao 185,000 walikuwa wameacha kutegemea shamba wakaingia katika biashara kwa sababu ya huduma ile. Intaneti yaja juu ya msingi huo: yaleta wateja, picha na bei. Lakini mteja aletwaye na intaneti atamkuta mama hana mzigo, ikiwa msingi umebomoka. Kwangu ilikuwa hivyo. Mteja alikuwapo, kitambaa kilikuwapo katika picha, na pesa zilikuwa kwenye harusi.

SIRI KATI YA MKE NA MUME

Hapa najua wanaume wengine watakunja uso. Watauliza, je, wataka wake zetu watufiche? Ndoa gani hiyo ya kila mtu na namba yake ya siri?

Swali ni la haki, nami sitalikimbia. Kuficha si jambo jema katika nyumba. Mke afichaye kwa hofu huishi kwa hofu, na mume akigundua, nyumba huwaka moto. Nimeziona nyumba zilizogombana kwa simu kuliko zilivyowahi kugombana kwa pombe. Lakini mtaji wa biashara si siri. Mwajiri wangu ana fedha zake nami ni mtumishi wake. Najua zipo, wala sizichukui kulipia harusi ya binamu. Hakuna asemaye kwamba ananificha. Kwa nini basi fedha za fundi aketiye chumbani kwangu niziheshimu pungufu? Mume aweza kujua kila senti iliyomo bila kuishika.

Na hao wafikirio kwamba mama akiwa na pesa zake atakuwa na kiburi, nawaomba watazame nani hununua chumvi, daftari na dawa nyumbani mwao.

Tena isidhaniwe kwamba nausifu mtandao tu. Una wezi wake. Mama aliyekwisha kupata ule ujumbe wa “ile pesa itume kwenye namba hii” aujua. Wabaya zaidi ni wale wakopeshaji wa katika simu, wanaokupa Sh. 50,000/= kwa dakika tano, na ukichelewa kulipa huwatumia ujumbe wa kukuaibisha watu wote ulio na namba zao. Kwa mfanyabiashara jina ndilo duka. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya namna hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, ikawatahadharisha watu nazo. Mwenye shida asikimbilie kilicho karibu na kidole chake. Kikundi cha kuweka na kukopa cha majirani ni cha polepole, lakini hakimtangazi mtu kwa wateja wake.

TUFANYAVYO SASA

Mwaka jana mama watoto alipata kitambulisho chake, akaenda kwa wakala, akaweka alama za vidole, akasajili laini mpya kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ndiyo laini ya biashara. Namba ya siri sijui, na sijauliza. Kianzio cha sare kikiingia huninunui nacho soda. Siku ile ile hununua kitambaa, hata kama mtoto wa mteja hajapimwa bado. Simu ile haitoki chumbani pa cherehani. Mimi nina kitochi changu, chanitosha.

Tulinunua na daftari la kurasa 96. Upande mmoja ameandika kazi, upande mwingine mikopo. Ukurasa wa kwanza wa mikopo una jina langu na zile Sh. 90,000/=, na chini yake tarehe nilizolipa kidogo kidogo, tangu Februari hata Juni. Kwa kuwa nilisomea ualimu nilitaka kumwonyesha namna ya kupiga mistari ya hesabu. Akanionyesha yake, alikwisha kujifunza kutoka video ya mtandaoni.

Januari ya mwaka huu alishona jozi 31. Yule bwana fundi wa njia ya sokoni naye alishona nyingi, sikuzihesabu. Kuna siku walikosa kitambaa wote wawili wakanunua jora moja kwa pamoja kupitia kundi, wakagawana nauli ya basi.

Majuzi baiskeli yangu ilipasuka tairi nikiwa na haraka. Nikaenda pale kwenye cherehani nikamwambia, “Mama, nipatie Sh. 15,000/=, mwisho wa mwezi nitarudisha.” Hakuacha kushona. Akanisogezea lile daftari na kalamu.